Bentley Continental GT Speed mpya: tani mbili na nusu juu ya matairi manne, na kwa nini bado naitetea

MpiraNaRimu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Tangu Juni 2024, Bentley walipoonyesha Continental GT ya kizazi cha nne, kila linapotajwa gari hili mjadala unakwenda sehemu mbili tu: "wameua W12" (ile injini yao ya silinda 12) na "limekuwa zito mno". Nimesoma mengi sana, na mengine yameandikwa na watu ambao hawajawahi kuliona likiwa juu ya jeki. Mimi naishi Stoke-on-Trent, Uingereza, mwendo mfupi kutoka Crewe linakotengenezwa, na kazi yangu ni matairi: kuvua, kuvisha, kubalansi, alaimenti. Bentley hazikauki pale kwetu. Kwa hiyo nataka tulizungumze gari hili kuanzia chini, pale mpira unapogusa lami, maana kwa gari la aina hii naamini hukumu inatokea pale.

Namba kwanza, tusije tukabishana hewani. Continental GT Speed mpya ina injini ya V8 ya lita 4.0 yenye turbo mbili, inayotoa farasi 600 peke yake. Kati ya injini na giaboksi ya klachi mbili yenye gia 8 wamepachika mota ya umeme ya farasi 190. Vikisukuma pamoja unapata farasi 782 na toki (nguvu ya kusokota) ya Nm 1,000. Sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ni sekunde 3.2, na mshale unakwenda mpaka 335. Betri ni ya kWh 25.9, chaja ya kilowati 11 inaijaza kwa saa mbili na dakika 45. Kwa umeme mtupu inatembea hadi kilomita 81 kwa kipimo cha Ulaya, na inaweza kufika kilomita 140 kwa saa bila V8 kuamka. Halafu uzito, ambao ndio mada yangu: kilo 2,459.

Kabla hamjaanza kurusha mawe, turudi nyuma kidogo, kwa sababu ugomvi wa uzito na hili jina la Continental haukuanza jana.

Mwaka 1930 Woolf Barnato, mwenyekiti wa Bentley na bingwa wa mashindano ya Le Mans mara tatu mfululizo, aliweka dau kwamba ataondoka Cannes, kusini mwa Ufaransa, wakati mmoja na treni maarufu ya Train Bleu, na atakuwa London kabla treni haijafika Calais. Akashinda. Hapo kuna barabara za miaka ile, mvua, ukungu, na meli ya kuvuka bahari. Gari alilotumia lilikuwa Speed Six ya milango minne iliyoundwa bodi na H.J. Mulliner. Ile kupe (gari la milango miwili) nyeusi yenye paa la chini mnayoiona kwenye michoro ilikuja kukamilika baadaye. Nalisema hili kwa sababu safari ile imebeba maana nzima ya GT: unavuka nchi kwa siku moja, na mtu na mizigo, na ukishuka bado una nguvu za kukaa mezani kwa chakula cha jioni. Gari linalokufikisha haraka likakuacha hoi na masikio yanalia ni gari la mashindano lililopotea njia.

Mwaka 1952 ikaja R-Type Continental, babu halisi wa hili la leo. Zilitengenezwa 208 tu. Kazi ile iliongozwa na mhandisi Ivan Evernden, na sura ni ya John Blatchley. Gari la majaribio lililoitwa Olga, kutokana na namba yake ya usajili OLG 490, lilipelekwa kwenye kiwanja cha Montlhéry karibu na Paris likazunguka kwa wastani wa karibu maili 119 kwa saa, yaani kilomita 190 hivi. Sasa sikilizeni hapa, wakuu. Kilichowapa shida zaidi kilikuwa matairi. Matairi ya wakati ule yalikuwa hayastahimili gari zito kwa mwendo ule kwa muda mrefu. Yalikuwa yanapata moto na kuachia. Ndiyo maana wakajiwekea ukomo wa karibu kilo 1,700 na kuulinda kwa wivu: bodi ya alumini, bampa za alumini, hata fremu za viti. Tairi ndilo lililoamua gari liwe na uzito gani.

Leo mambo yamegeuka. Gari linaamua, tairi linatafutiwa njia. Continental GT ya 2003, ya kwanza chini ya Volkswagen, ilikuwa na kilo 2,385. Ile ya kizazi cha tatu yenye W12 ikashuka hadi 2,244. Hii ya sasa ni 2,459. Kwa hiyo wanaosema limekuwa zito ghafla wanasahau kwamba lile la 2003, ambalo lilipokelewa kwa vifijo, lilikuwa jepesi kuliko hili kwa kilo 74 tu. Mtu mzima mmoja.

Kinachobadilika sana ni mahali uzito ulipokaa. Lile la 2003 injini ya W12 ilikuwa imekaa mbele kabisa, pua nzito, na kila ukiingia kona matairi ya mbele ndiyo yanayobeba lawama. Hili jipya betri imelazwa nyuma ya ekseli ya nyuma, chini ya sakafu ya buti. Mgawanyo umekuwa asilimia 49 mbele na 51 nyuma. Nilipoliinua mara ya kwanza nikaona kwa macho: nyuma kumejaa, mbele kumepumua. Mtu wa matairi anajua maana yake. Tairi nne zinagawana kazi karibu sawa, na hapo kilo 2,459 zinaanza kuzungumza lugha nyingine.

Gharama yake ipo na siifichi. Buti imeshuka kutoka lita 358 hadi 260. Kwa gari la safari ndefu hilo ni pigo, na kwangu mimi ndiyo kasoro kubwa ya gari zima, kuliko uzito. Mlio wa W12 mtu ataukumbuka akiwa amekaa. Begi lisiloingia atalikumbuka kila safari.

Karibuni tujadili.

fundi_springi

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Haya ndiyo madini.

Mimi ni mtu wa chini ya gari, nipo Arusha, nafanya zaidi Land Cruiser za utalii. Nimesoma kwamba hili gari lina stabilaiza za umeme. Hebu nifafanulie, maana stabilaiza ninayoijua mimi ni chuma na bushi zake, basi.

MpiraNaRimu

Fundi, karibu sana. Chuma ulichokizoea kimeunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kikiwa kigumu, gari halilali kwenye kona, lakini ukipita shimo upande mmoja, na upande wa pili unatikisika. Kikiwa laini, safari inakuwa tamu lakini kona zinakutisha. Fundi yeyote anachagua katikati na kuridhika.

Hapa wamekata kile chuma katikati wakaweka mota inayotumia umeme wa volti 48. Barabara ikinyooka mota inaachia, kila gurudumu linajitegemea. Ukikata kona inakisokota kile chuma kwa upande wa pili na kulizuia gari lisilale, na hufanya hivyo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ongeza springi za upepo zenye vyumba viwili, shokapu zenye vali mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, magurudumu ya nyuma yanayopinda kidogo, na difu ya umeme ya nyuma. Vyote hivi kazi yake ni moja: kuhakikisha ule mpira umelala vizuri juu ya lami muda wote.

Uliyoyazoea kwenye Land Cruiser yana faida yake, yanatengenezeka porini. Haya hayatengenezeki porini na hayakukusudiwa huko.

Mswahili_wa_Stuttgart

Habari zenu wakuu. Nina pingamizi, tena la mtu anayepiga barabara kuu za Ujerumani kila juma.

Kilomita 81 za umeme ni za kwenda kazini na kurudi. Sawa. Lakini mkuu umesema mwenyewe kwamba GT ni gari la kuvuka nchi. Ukitoka Stuttgart kwenda Hamburg, kilomita kama 650, zile 81 umezimaliza kabla hujaizoea njia. Baada ya hapo umebeba betri na mota kama abiria wawili wanene wasiochangia nauli. Zaidi ya kilomita 500 unavuta mzigo uliokufa. V8 peke yake, gari likiwa jepesi kwa kilo mia mbili, lingekuwa GT bora zaidi. Nadhani betri imewekwa kwa ajili ya sheria za moshi, na ile gramu 29 za kaboni kwa kilomita kwenye karatasi inathibitisha.

MpiraNaRimu

Mkuu wa Stuttgart, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na nakubaliana nawe nusu.

Ile namba ya gramu 29 ni ya maabara. Mtu asiyechomeka gari lake hataiona kamwe. Na ni kweli kwamba sheria za moshi za Ulaya ndizo zilizoisukuma W12 nje. Zaidi ya injini 100,000 zilitengenezwa Crewe, uzalishaji ukafungwa 2024.

Ambapo sikubaliani nawe ni hapo kwenye mzigo uliokufa. Mfumo huu hauiachi betri ikauke kabisa. Unabakiza akiba ya kusukuma, unakusanya umeme kila ukishika breki, na injini nayo inaweza kuichaji mkiwa njiani. Kwa hiyo ile Nm 450 ya mota inabaki ipo ukiihitaji kupita lori, hata kilomita ya 600. Na tofauti yake unaijua wewe unayeendesha huko: turbo inahitaji muda kidogo kujaza pumzi, mota ya umeme haihitaji. Unagusa, gari limeshaondoka. Kwa mtu aliyekaa kwenye usukani saa sita, kutosubiri huko kunapunguza uchovu kuliko watu wanavyodhani.

Halafu kuna mwisho wa safari. Unaingia mji mdogo saa sita usiku, barabara nyembamba, madirisha yako karibu. Unazima injini unapita na umeme mtupu. Barnato asingeweza kulifanya hilo, na naamini angelipenda.

Uzito ninauogopa mahali pamoja: breki. Hesabu yake haina huruma, kwa sababu nguvu inayotakiwa kuzimwa inapanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka 250 hadi kusimama, breki zinafanya kazi mara sita na robo ya kutoka 100, si mara mbili na nusu kama kichwa kinavyodhani. Zidisha kwa tani mbili na nusu. Ndiyo maana ukichagua breki za kaboni diski za mbele zina kipenyo cha milimita 440, na kalipa yake ina pistoni 10. Kuna sufuria za kupikia ubwabwa wa shughuli ndogo zaidi ya hizo diski. Kwa mtu wa kwako huko, anayekwenda kweli 250 pale pasipo na kikomo, mimi ningesema asiangalie rangi wala viti kabla hajaweka tiki kwenye breki za kaboni.

Mswahili_wa_Stuttgart

Kwenye kupita lori nimekuelewa. Huku kuna mahali unatoka 130 unataka 200 haraka kwa sababu nyuma yako kuna taa zinakujia, na turbo ikichelewa nusu sekunde moyo unaruka. Kwenye breki tumekubaliana kabisa. Bado nasema ningeitaka V8 tupu.

V12_mpaka_kesho

Wakuu mnazunguka mbuyu. GT ya kweli iliyotoka 2024 ni Ferrari 12Cilindri. V12 ya lita 6.5 bila turbo, bila betri, farasi 830, inazunguka mpaka 9,500 kwa dakika. Uzito mkavu kilo 1,560. Au kama mnataka Uingereza, Aston Martin Vanquish: V12 ya lita 5.2, farasi 835, toki hiyohiyo ya Nm 1,000, mwendo 345, na hawatatengeneza zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Hayo ni magari yaliyokataa kusalimu amri. Crewe wamechukua injini ya ndugu yao Porsche wakaivalisha ngozi.

MpiraNaRimu

Mkuu, kwa sauti ya 12Cilindri sina ubishi hata kidogo. Imepita mbele yetu mara moja asubuhi, gereji nzima ilisimama. Nafurahi kwamba ipo.

Lakini hesabu viti. Ferrari hiyo ni ya watu wawili. Vanquish nayo wawili. Continental inabeba wanne, na tangu R-Type ya 1952 imekuwa hivyo. Ukitaka kulinganisha haki, mlete Aston Martin DB12 ya 2023: V8 ya lita 4.0 kutoka AMG ya Mercedes, farasi 680, Nm 800, mwendo wa 325, na viti viwili vidogo nyuma. Ni jepesi zaidi, linachangamka zaidi kwenye kona, na dereva anayependa kuendesha Jumapili asubuhi atalipenda kuliko Bentley. Hilo nalisema wazi. Ukiniambia tunavuka Ufaransa yote leo, watu watatu, mvua inanyesha, nachukua Bentley bila kufikiri mara mbili. Inavuta magurudumu yote manne.

Kuhusu injini ya Porsche: ni kweli ni familia moja. Panamera Turbo S E-Hybrid ina V8 hiyo na farasi 782 hizohizo. Sioni aibu hapo. Hata ile W12 mnayoililia ilizaliwa Volkswagen, na Continental ya 2003 ilishirikiana mengi chini na Volkswagen Phaeton. Kinachofanyika Crewe ni yale yanayokaa kati yako na ile mashine: ngozi, mbao, ukimya, jinsi mlango unavyofunga. Na ile skrini inayojizungusha wameibakiza. Ukibonyeza, skrini inageuka nyuma vinakuja vipimo vitatu vya mishale: joto la nje, dira, na saa ya kupimia muda. Au unapata ubao mtupu wa mbao, hakuna skrini kabisa. Mwaka huu ambapo kila gari limegeuka kuwa televisheni, kuna watu Crewe wanaoamini dereva anaweza kutaka kuangalia mbao. Ningependa kuwashika mkono.

Sura ya mbele nayo itajadiliwa miaka. Taa moja kila upande badala ya mbili, kitu ambacho Bentley za kawaida hazikuwa nacho tangu miaka ya 1950. Zimetokana na Batur, lile gari la 2022 la Mulliner, kitengo cha Bentley cha magari ya oda maalumu, lililotengenezwa 18 tu. Wengine wanasema zina nyusi. Mimi mwanzo zilinikaa kushoto. Zikiwashwa jioni zinavutia.

Bin_Rusayl

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawasoma kutoka Maskati.

Huku magari haya yapo, na nadhani huku ndiko GT inakopata barabara yake. Watu wanataja Alps, lakini Maskati mpaka Salala ni karibu kilomita 1,000, na baada ya mji wa Adam ni jangwa tupu, Haima, kisha Thumrait, mpaka unaposhuka milima ya Dhofar. Wakati wa khareef, msimu wa mvua wa Salala, familia nyingi zinakwenda kwa gari. Kikomo ni 120 na rada hazina urafiki na mtu, kwa hivyo farasi 782 hutozitumia hata robo. Lakini mwendo wa saa tisa ndani ya gari, jua la Julai, ngamia huenda akatokea: hapo unataka gari tulivu, kiti kizuri, AC ya nguvu na breki. Jamaa yangu analo la kizazi cha tatu, la V8. Tulikwenda nalo Salala na mama yetu mzee, akashuka akaomba chai tu.

Suali langu kwa mwenye uzi: joto la huku likifika 45 na zaidi, betri na matairi ya gari zito namna hii vitakuwaje?

MpiraNaRimu

Waalaykum salaam shekhe. Mama kushuka Salala akaomba chai tu, huo ndio mtihani wa GT ninaoujua mimi, na limeufaulu.

Betri ina mfumo wake wa kupozwa kwa maji, hivyo gari linajilinda. Likiona joto limezidi litapunguza nguvu za mota kabla halijaumia. Kwa mwendo wa 120 halitafika huko. Na kwa safari nzima, kiwanda kinatoa kilomita 859 kwa betri iliyojaa na tangi lililojaa, kwa hiyo utasimama kujaza mara moja tu.

Matairi ndiyo ya kuyasemea zaidi, na hili ni kwa kila mtu humu, hata mwenye gari dogo. Saizi ya hili gari ni 275/35 rimu 22 mbele na 315/30 rimu 22 nyuma. Baada ya saizi kuna namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Namba 104 maana yake tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 900. 107 ni kilo 975. Herufi Y ni kilomita 300 kwa saa, na ikiwekwa ndani ya mabano ni zaidi ya hapo. Gari la kilo 2,459, weka watu wanne, mizigo na mafuta, kila tairi linabeba zaidi ya kilo 700. Kwa hiyo mtu akikuletea tairi la saizi ileile lakini namba ya mzigo ndogo, kwa sababu ni rahisi, mrudishie. Tazama pia alama ya B ubavuni, ndiyo inayoonyesha kwamba tairi lilitengenezwa kwa ajili ya Bentley.

Upepo upimwe asubuhi, gari halijatembea na jua halijaligonga. Kila joto likipanda nyuzi 10, upepo ndani ya tairi unapanda karibu psi 2. Dereva anapima mchana wa jua kali, anaona imezidi, anatoa. Usiku jangwani joto linashuka, tairi linabaki na upepo pungufu, linajikunja kila mzunguko, linapata moto kutoka ndani. Tairi lenye upepo mdogo chini ya gari zito kwa 120 ni hatari kubwa kuliko lenye upepo uliozidi kidogo. Na kwa ubavu mfupi kama wa 315/30, jicho haliwezi kukuonyesha kwamba limepungua. Linaonekana zima mpaka dakika ya mwisho. Sensa zipo, lakini zoea kupima mwenyewe.

Bin_Rusayl

Ahsante sana, Mungu akuzidishie. Hili la kutoa upepo mchana nimeliona kwa wengi huku. Nitamwambia jamaa yangu leo leo.

KijanaWaNyali

Vipi wakubwa. Mombasa hapa. Nauliza swali la mtu wa kawaida: haya magari bei yake yanaanguka vibaya yakizeeka. Sisi Kenya tunaruhusiwa kuingiza gari lisilozidi miaka minane, na usukani uwe kulia, na haya ya Uingereza usukani uko kulia tayari. Je, huyu mtu akingoja hili jipya lifike miaka sita saba kule Uingereza, aliokote? Ama achukue la kizazi cha tatu?

MpiraNaRimu

Ndugu yangu wa Nyali, swali zuri. Jipya kule Uingereza ni zaidi ya pauni 200,000, na ni kweli bei huporomoka miaka ya mwanzo. Kinachodanganya watu ni kwamba bei ya gari inashuka lakini bei ya spea haishuki. Utalipata kwa bei ya gari la kawaida na utalitunza kwa bei ya gari la pauni laki mbili. Springi za upepo, diski, matairi ya inchi 22, stabilaiza za umeme; kila kimoja kina ankara yake.

Kama umeamua, chukua la kizazi cha tatu lenye V8, lisilo na betri. W12 ni injini tamu sana, laini, lakini imebanwa mle ndani kiasi kwamba kazi nyingi zinahitaji kuishusha injini nzima. Hili jipya la haibridi, ukilinunua likiwa na miaka saba, unanunua pia betri ya miaka saba, na unahitaji fundi mwenye mafunzo na vifaa vya umeme wa volti nyingi. Usimruhusu mtu aguse zile waya za rangi ya chungwa kwa kubahatisha. Zinaua.

Na kwa ubavu wa asilimia 30, tuta moja la barabarani lisilochorwa usiku linatosha kupasua tairi na kupinda rimu kwa pamoja.

fundi_springi

Mkuu, hapo kwenye waya za chungwa umesema neno. Huku haibridi ndogo za Kijapani zimejaa na vijana wanafungua betri na bisibisi ya kawaida.

V12_mpaka_kesho

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kama uzito si tatizo, mbona Bentley wenyewe Novemba 2025 wameleta Supersports ya chini ya kilo 2,000? V8 tupu, farasi 666, inasukuma nyuma tu, hakuna haibridi. Si wamekiri?

MpiraNaRimu

Mkuu, nilijua utalileta, na ni gari ninaloliheshimu sana. Kushusha karibu kilo 500 kutoka kwenye gari lilelile ni kazi ya watu wanaojua wanachofanya. Angalia walichokitoa ili wafike hapo: mota, betri, mvuto wa mbele, na viti vya nyuma. Wamebaki na watu wawili na magari 500 duniani kote. Ni gari la dereva mmoja mwenye hamu ya kona. Limekaa pembeni ya Speed, halikuja kuchukua nafasi yake. Na mpango wao wa magari ya umeme matupu, ambao mwanzo ulikuwa 2030, mwaka 2024 waliusogeza hadi 2035, kwa hiyo V8 hii ya haibridi bado ina miaka mbele yake.

Mswahili_wa_Stuttgart

Mkuu, mwisho kabisa: pesa ingekuwepo, ungechukua Speed?

MpiraNaRimu

Hapana. Ningechukua Azure ile waliyoitangaza Januari 2025. V8 ileile na betri ileile, imepunguzwa hadi farasi 680 na Nm 930, sekunde 3.7 hadi 100, mwendo wa mwisho 270. Viti vinavyokanda mgongo vinakuja nayo. Ningechukua rimu ndogo kabisa wanayoruhusu, ubavu wa tairi uwe mnene, rangi ya kijani iliyokolea, na masanduku mawili ya kushonewa kwa kipimo cha ile buti ya lita 260.